Kusimama Badala ya Bwana Arusi

Jino lililonisumbua lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, na aliyeling'oa hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa magari pale Westlands, enzi zile Westlands ina miti mingi kuliko watu. Mimi nilikuwa kijana wa mjengo, nabeba mawe ya nyumba zilizokuwa zikijengwa kule Kilimani, nyumba za bustani kubwa, si hizi gorofa za leo. Shavu lilivimba mpaka jicho likafunga. Mnyapara akaniambia nisije kazini na sura ile, nitawatisha wenye nyumba. Basi nikaenda kwa fundi. Akaniketisha juu ya tairi, akaosha koleo kwa petroli, akaniambia nimtazame mbwa aliyelala ng'ambo ya barabara. Nikamtazama. Sikio lake moja lilikuwa limeliwa. Mpaka leo namkumbuka yule mbwa kuliko ule uchungu.

Jino lilitoka nusu. Fundi akaomba radhi, akasema nusu nyingine itatoka yenyewe, na kweli ilitoka yenyewe, lakini ilichukua muda wake. Siku hizo zote sikuweza kutafuna. Taya lilikufa ganzi. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe karibu na mjengo, sina kazi, sina chakula, natazama wenzangu wakipanda na kushuka ngazi. Alhamisi moja wakapita akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, wamebeba birika la uji. Walikuwa wanaenda kwa mgonjwa wao. Mmoja akasimama, akanitazama, akamimina uji kwa kikombe cha bati, akaniambia, "Kunywa na upande ule mwingine." Hakuniuliza natoka wapi wala nasali wapi. Akangoja nimalize, maana kikombe kilikuwa chao, akakifuta na leso, wakaenda.

Watu wakiulizwa waliokoka vipi, wengine husimulia ndoto, wengine husimulia sauti. Mimi ni uji. Jumapili iliyofuata niliwafuata wale akina mama nione wanakosali, nikakaa huko maisha yangu karibu yote. Kusoma kwenyewe nilijifunzia darasa la ubatizo, kwa kidole, mstari kwa mstari, na mpaka sasa nikisoma bila kidole napotea. Kanisa lilipotoka kwenye mbao likawa la mawe, mawe mengine niliyapanga mimi. Nikaoa, nikahamia Kangemi, na nywele zilipoanza kuwa nyeupe wakanichagua kuwa mzee wa kanisa wa upande wetu. Nilisema mimi sijasoma. Wakasema uzee wa kanisa si cheti.

Kanisa letu liko karibu na Waiyaki Way, kati ya Mountain View na Kangemi, kwa hiyo lilikuwa na watu wa aina mbili. Wa Mountain View walikuja kwa magari, sisi wa Kangemi tulikuja kwa miguu na viatu vya kanisani tumevibeba mkononi kama kuna matope, tunavivalia langoni. Ndani tulichanganyika. Hilo nalisema kwa haki. Ungeona meneja wa benki anashiriki kitabu cha nyimbo na mwosha magari. Benchi moja tu ndilo lililokuwa tofauti, la mwisho kabisa, karibu na mlango. Hapo walikaa waliowekwa nyuma.

Kuwekwa nyuma ni hivi. Mtu akipata mimba nje ya ndoa, au akioa mke wa pili, au wakiishi mwanamume na mwanamke ile ya njoo-tukae, kanisa haliwafukuzi. Wanakuja, wanaimba, wanatoa sadaka. Lakini meza ya Bwana hawaifikii, na wanakaa nyuma mpaka mambo yao yanyooke. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wakae benchi lile. Walilijua tu. Hata mgeni akikaa hapo kwa kutojua, mtu alimgusa bega akamwonyesha mahali pengine.

Mama wa mboga alikaa hapo miaka mingi. Alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya pale tunapoingilia Mountain View, na alikuwa na mkono mwepesi, akikukatia sukuma inakuwa nyembamba kama uzi huku macho yake yako kwako na mdomo unakuuliza habari za nyumbani. Alikuwa anaishi na bwana mmoja, mtu wa magharibi mwa nchi kama mimi, soja wa kulinda gorofa moja ya ofisi kule Upper Hill. Watoto hawakupata. Mahari haikupelekwa, kwanza kwa sababu hawakuwa nayo, halafu kwa sababu ya mazoea. Kule kwao bwana walikuwa wamejenga nyumba pamoja, ya matofali, na yeye mama ndiye aliyepeleka mabati kwa basi, yakiwa juu ya paa la gari na yeye ndani, moyo mkononi. Alipenda sana kusimulia habari ya yale mabati.

Sasa bwana akaugua figo. Akavimba miguu, halafu uso, akalazwa katika ile hospitali kubwa iliyo karibu na kazini kwake. Na wakati huo simu za mkono zilikuwa zimetufikia hata sisi, basi kaka yake mkubwa akapiga simu kutoka nyumbani. Hakupiga kumpa pole. Alimwambia mama kwamba ndugu yake akifa watakuja kumchukua, na yeye asijisumbue kupanda gari, kwa sababu hawamjui. "Hakuna mahari ilikuja, hakuna kanisa iliwafunga," alimwambia. "Wewe ni mtu alikuwa anampikia."

Ndipo mama akaja kwangu, mimi nikiwa mzee wa upande wake. Alikuwa na jambo moja tu. Alitaka kufungwa ndoa na bwana wake kabla hajafa, ili siku ya kuzikwa akae pale mke anapokaa. Bwana mwenyewe alitaka. Mchungaji alikuwa anaweza kwenda hospitalini na Biblia na mashahidi wawili, ikaisha kabla uji haujapoa. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi.

Nikapeleka neno kwenye kikao cha wazee. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu safi. Namsema vizuri kwa sababu ni kweli, nilipofiwa na kaka yangu alikesha kwangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kanuni ni tangazo la ndoa lisomwe Jumapili tatu mfululizo, wanaooana wakisimama watu wawaone, na katibu aulize kama kuna mwenye sababu ya kuzuia. Bila hivyo hakuna ndoa.

"Wazee, huruma tunayo," akasema. "Hakuna mtu hapa hana huruma. Lakini haki ni haki. Mwaka jana kijana wa mzee mwenzetu aliomba tufupishe, alikuwa na safari ya ng'ambo, tikiti mkononi. Tulimkatalia. Leo tukimfupishia huyu, tutamwangalia mzee mwenzetu na macho gani?"

Nikasema, "Yule alikuwa anaenda kupanda ndege, mwenyekiti. Huyu anaenda kaburini."

Wakacheka kidogo. Mwenyekiti naye alicheka, akaniambia mimi husema maneno mpaka watu wanasahau ajenda. Mchungaji akasema moyo wake uko na mama lakini hawezi kuruka kikao. Yule mzee ambaye kijana wake alikataliwa alitazama mikono yake. Wakainua mikono. Jumapili tatu.

Usidhani waliishia hapo. Mchana huohuo akina mama walipangiana siku za kwenda hospitalini. Mmoja alipeleka mashuka, mwingine supu ya mifupa katika chupa ya chai. Vijana wakaja Jumamosi wakampakia mama kibanda chake rangi, bluu, bila hata kumwuliza kama anapenda bluu. Waliombea figo za yule bwana kwa jina, ya kulia na ya kushoto. Huruma ilikuwa nyingi mpaka mama akakosa mahali pa kuiweka. Nilimwona siku moja amekaa kando ya kile kibanda, amezungukwa na wanawake wanaoimba, na yeye anakata sukuma ambayo hakuna mtu amenunua.

Kanuni nyingine ya kanisa letu ni kwamba mmoja wa wanaotangazwa akiwa mgonjwa au mbali, mzee wa upande wake husimama badala yake. Kwa hiyo bwana arusi nikawa mimi. Mke wangu akanipigia pasi shati. "Ukisimama nyoosha mgongo," akaniambia. "Usimwaibishe mtoto wa watu."

Jumapili ya kwanza nikaenda kukaa benchi la nyuma, mara yangu ya kwanza tangu nibatizwe. Kutoka kule madhabahu inaonekana ndogo. Katibu akasoma jina la bwana na jina la mama, mama akasimama, nami nikasimama ubavuni mwake. Vichwa vikageuka. Watoto wakacheka, na wana haki, mzee kama mimi na mama wa mboga. Katibu akauliza kama kuna mwenye sababu. Hakuna aliyejitokeza, tukakaa. Nje, mzee mwenzangu akaniuliza kama nimeongeza nyumba ya pili bila kuwaambia, nikamjibu aanze kukusanya zawadi. Mama naye alitabasamu kidogo.

Katikati ya wiki tulienda hospitalini pamoja. Bwana alikuwa karibu na dirisha. Kutoka pale ungeona gorofa mpya zikipanda, na ile aliyokuwa akilinda, akatuonyesha kwa kidevu, akasema sasa wanailinda wenyewe. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba lakini maneno yalikuwa bado yapo.

"Mzee, nasikia wewe ndio bwana arusi."

"Ndiyo mimi."

"Usisimame karibu sana. Atakuzoea."

Mama akamwambia anyamaze anywe uji. Akanywa vijiko viwili, akageuza uso. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei, "Hawa wazee wanangoja nini, mzee? Wanaogopa nitamwacha?"

 Nikamwambia imebaki Jumapili mbili. Akasema sawa. Nikatazama fundi mmoja juu ya gorofa kule mbali akivuta kamba ya zege, anavuta, anangoja, anavuta. Nikajikuta nahesabu anavyovuta, halafu nikaacha kuhesabu. Kurudi, mama alitaka tutembee kidogo kabla ya kupanda gari.  Alinunua ndimu njiani, sijui za nini.

Jumapili ya pili ilipita kama ya kwanza, tofauti ni kwamba watoto hawakucheka. Walikuwa wametuzoea.

Ijumaa bwana akafa. Mama alikuwa sokoni akinunua nyanya, akapigiwa simu na mama mmoja wa kanisa ambaye zamu yake ilikuwa siku hiyo. Mimi niliambiwa nikiwa natengeneza mguu wa meza. Nikamaliza ule mguu. Sijui kwa nini nasema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa, niliumaliza, nikauweka chini, nikajaribu kama unayumba.

Jumamosi mchana tukakaa kikao cha kupanga mambo ya msiba. Katibu hakuwepo, alikuwa kwa harusi ya jamaa yake, kule mjini Kikuyu. Tukiwa katikati ya maombi mama akafika mlangoni, amevaa sweta ya bwana wake. Tukamkaribisha kiti, akakataa. Akasema kaka mkubwa amefika Nairobi na kesho atakuja kanisani kushukuru kwa msaada, kabla ya kusafirisha mwili.

"Msome tu hiyo ya tatu," akasema. "Yeye atakuwa amekaa hapo mbele. Asikie kanisa likitutaja pamoja, watu wakiwa hapo, na hakuna mtu amekataa. Sitaomba kitu kingine."

Mwenyekiti alivua miwani. Alimjibu kwa upole sana, hata sasa nikikumbuka ile sauti siwezi kuipata na kosa. "Mama, ndoa ni ya walio hai."

"Mimi niko hai," akasema mama.

 Mchungaji akasema watalifikiria jambo lake, wakamwombea, mama mmoja akamsindikiza. Alipoondoka halikuchukua muda. Walisema kumtangaza maiti ni kulifanya kanisa kichekesho mbele ya wageni. Mimi nilisema lisomwe. Nilikuwa peke yangu. Mchungaji akasema atamweleza mama yeye mwenyewe baada ya ibada, tusimvunje moyo kabla. Kisha tukapanga gari la kupeleka akina mama mazishini, na nani atabeba sufuria.

Nikwambie kabisa habari ya hayo mazishi, usibaki ukingoja. Mimi sikwenda, mke wangu alikwenda, ndiye aliyenisimulia. Mama alipanda gari la kanisa. Kule hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemwonyesha kiti. Basi akaenda nyuma, jikoni, akafunga leso kiunoni, akasonga ugali wa waombolezaji, pembeni ya ile nyumba ya mabati yake. Waliposoma historia ya marehemu walisema hakujaliwa mke wala mtoto. Mke wangu anasema mama alisikia, kipaza sauti kilikuwa kikubwa, na mwiko haukusimama. Ugali wa mwisho ulipoliwa akaosha sufuria za kanisa, akapanda gari na wenzake. Jumanne alikuwa kibandani.

Lakini ile Jumapili ilikuja kabla ya hayo. Kaka mkubwa alikuwa amekaa mbele na jamaa wawili, suti ya kijivu, wakasimamishwa, wakapigiwa makofi ya kuwakaribisha, akashukuru kanisa kwa kumtunza ndugu yake. Alishukuru vizuri. Mama alikuwa nyuma, kitambaa cheupe kichwani, kipya. Mimi nilikaa karibu naye kwa sababu nilikuwa nimezoea, nikaona ni vibaya kumwacha peke yake.

Katibu akaja na karatasi yake ya matangazo, ambayo alikuwa ameipiga chapa tangu Alhamisi, na Jumamosi hakuwepo, na hakuna mtu aliyekumbuka kumwambia. Akasoma habari ya kwaya. Akasoma habari ya msiba wa ndugu yetu, iliyoongezwa kwa kalamu asubuhi hiyo. Halafu akasoma kwamba hili ni tangazo la tatu na la mwisho la ndoa, kati ya ndugu yetu, akataja jina, na akamtaja mama.

Mama akasimama. Alisimama haraka, kama mtu aliyeitwa. Mimi nami miguu ikasimama kabla sijafikiri. Kaka mkubwa akageuka kule mbele, tukaonana kutoka mwisho hadi mwanzo wa kanisa.

Mwenyekiti akainuka, akapanda, akamnong'oneza katibu, halafu akainamia kipaza sauti. "Samahani, wapendwa. Hilo limepitwa na wakati. Ndugu katibu, ruka uendelee." Akatutazama. "Mzee, kaa tu."

Katibu akaruka. Akasoma habari ya semina ya akina baba. Kaka mkubwa akarudisha uso wake mbele.

Mama hakukaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Kwani hawakukubali?"

"Hawakukubali, mama. Mchungaji alisema atakwambia."

"Lini?"

"Baada ya ibada."

Akaitikia kwa kichwa. Akakaa, akaweka mfuko wake magotini, akaunyoosha mkunjo. "Kaa basi, mzee," akasema. "Watu wanakuangalia."

Nilijaribu kujua kama nimekasirika. Sikusikia hasira. Sikusikia kitu. Niliona tu kwamba siketi, na kwamba mlango uko karibu, kwa sababu lile benchi liko karibu na mlango. Wakaanza wimbo wa sadaka. Nikatoka. Kijana wa kuelekeza magari akanisalimia akidhani naenda msalani. Nikapita katikati ya magari ya watu wa Mountain View, nikatoka langoni, nikangoja lori lipite, nikavuka barabara. Wimbo uliendelea kusikika mpaka kona ya kwanza. Nikaendelea kutembea, na kanisani sikurudi tena.